Kikopo Alicholetewa Fundi Rangi

Walianza kumwita Brashi kabla hajawahi kushika brashi. Jina alilipata ujanani kwa ajili ya nywele zake nene na ngumu, zilizosimama wima utosini kama manyoya ya brashi mpya, na hakuna chanuo lililowahi kuzilaza. Baadaye alipojifunza kazi ya kupaka rangi nyumba, jina likamkaa barabara, na wateja wakadhani ni la kazi. Hakujisumbua kuwasahihisha. Asubuhi alizifunika nywele zake kwa kofia ya karatasi, jioni akazifunua, na miaka ikaenda bila yeye kuwa na habari nazo, kama mtu asivyokuwa na habari na magoti yake mpaka siku yatakapomuuma.

Kisha akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa damu, na dawa zake zilikuwa kali kuliko ugonjwa wenyewe, au ndivyo alivyoona yeye alipolala wodini na sindano mkononi. Nywele zikaondoka zote. Nyusi zikafuata, na hata malaika ya mikononi. Mkewe akamnunulia kofia ya sufu, akamvisha. Watu wa mtaani nao, kwa huruma zao, wakaacha kumwita Brashi. Wengine walimwita mzee, wengine fundi, na wengine walianza kulitamka jina lile wakalikatia njiani, wakajifanya wanakohoa.

Rafiki yake wa kazi, mwanamume mrefu ambaye kila mtu alimjua kwa jina la Ngazi, alikuja kumwangalia kila wiki. Alikuwa akiongea naye kwa sauti ya chini chini, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Hilo ndilo lililomkata maini Brashi kuliko sindano. Katika miaka yao yote ya kupaka dari pamoja, Ngazi hakuwahi kumaliza asubuhi moja bila kumtania. Sasa alikuwa akimuuliza kama mto umekaa vizuri.

Hata hivyo dawa zilifanya kazi yake. Daktari akamwambia damu imetulia, aendelee kuja kupimwa, na ale vizuri. Akala. Akaanza kutembea hadi kona ya barabara, kisha hadi sokoni na kurudi. Na nywele nazo zikarudi.

Zilirudi, ila hazikuwa zile. Zilikuwa laini kama za mtoto mchanga, za kijivu, na kila unywele ulikuwa na akili yake. Hapa zililala, pale zilijikunja, na nyuma ya sikio la kushoto kulikuwa na kishungi kilichochungulia nje kama jirani mbea dirishani. Alizipaka maji, zikatulia kidogo, zikaamka tena. Alizipaka mafuta mazito ya kopo, aina ile ile aliyokuwa akitumia marehemu baba yake, zikashikana na kung'aa hata akaonekana kama mtu aliyenyeshewa mvua peke yake. Mwishowe akarudi kwenye kofia ya sufu. Aliivaa sebuleni, aliivaa mezani, aliivaa hata siku za joto, jasho likimchuruzika hadi kidevuni. Mkewe alikuwa akimtazama tu. Mwanamke huyo alifanya kazi kwa dobi, kutwa anapiga pasi mashati ya watu, na alikuwa na subira ya mtu anayejua kwamba kunyanzi hainyooki kwa kelele.

Aliyekosa subira ni mkwe.

Mkwe huyu, mume wa binti yao wa pekee, aliuza katika duka la vitu vya wanaume: nyembe, sabuni, manukato, mafuta ya ndevu. Alikuwa kijana mpole na msafi, naye alimwogopa baba mkwe wake kama watu wanavyomwogopa mbwa asiyebweka. Hofu yenyewe ilikuwa na chanzo. Siku aliyoletwa nyumbani kwa mara ya kwanza, alikuwa amevaa shati jipya jeupe, na kwa kutaka kuonekana hana wasiwasi aliegemea ukuta wa ukumbini. Ukuta ulikuwa haujakauka. Alipojibandua, mgongo mzima ulikuwa wa kijani. Brashi aliutazama ukuta, akamtazama kijana, akasema, "Huo ulikuwa mkono wa mwisho wa rangi," akaenda kuchukua rola. Hakuwa amekasirika hata kidogo. Alikuwa anasema ukweli wa kazi. Lakini kijana hakulijua hilo, na tangu siku hiyo aliongea naye kama mtu anayejibu maswali ya askari: ndiyo baba, hapana baba, asante baba.

Kwa hiyo alipoiona kofia ile ya sufu na jasho lile, na akajua kwamba dawa ya jambo hilo iko kwenye rafu anayoifuta vumbi kila asubuhi, hakuthubutu kuitoa mwenyewe. Utaanzaje kumpa baba mkwe wako kitu cha kichwani, tena kichwa kilichotoka kuugua? Akampa mkewe kikopo. Mkewe naye akaona haya, akampa mama yake. Mama akakipokea kikopo, akakifungua, akakinusa, akakiweka kwenye kibao cha bafuni kando ya miswaki, akaenda zake kazini.

Brashi alikikuta asubuhi alipokuwa anasukutua. Kilikuwa kikopo cha bapa, cheusi, na kwanza alidhani ni rangi ya viatu iliyopotea njia. Akasogeza macho. Maandishi yalisema ni ya kutengenezea nywele za wanaume, inashika imara, haing'ai. Akafungua. Ndani kulikuwa na kitu kizito cha rangi ya udongo mweupe, kikavu juu, na harufu yake ilikuwa ndogo sana, kama ya mbao iliyopigwa randa muda si mrefu. Akakifunga. Jioni akamuuliza mkewe.

"Kile cha bafuni ni cha nani?"

"Ni chako. Kimeletwa."

"Na nani?"

"Mkweo."

Mkewe aliendelea kukunja nguo, ila alikuwa anamwangalia kwa pembe ya jicho.

"Ameona nini kwangu?" Brashi akauliza.

"Ameona unatoka jasho," akasema mkewe. "Hata mimi nimeona."

Mazungumzo yaliishia hapo. Lakini usingizi ulikawia kuja, kwa sababu neno lile, haing'ai, lilikuwa limemshika. Maishani mwake mwote Brashi hakupenda rangi ya kung'aa. Rangi inayong'aa, alikuwa akiwaambia wateja, inaonyesha kila kosa la ukuta, kila tundu la msumari, kila mahali fundi aliposinzia. Rangi isiyong'aa inaupumzisha ukuta na kulipumzisha jicho. Iweje basi nyumba za watu azipake rangi tulivu, halafu kichwa chake mwenyewe akipake mafuta ya kumetameta, au akifunike sufu?

Jumapili binti na mumewe walikuwa waje kula mchana. Asubuhi hiyo Brashi akapiga moyo konde, akaingia bafuni na kufunga mlango.

Kosa lake lilikuwa kosa la mtu mwenye mikono ya kazi. Hakusoma maelezo ya chini ya kikopo, maana maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chawa na miwani ilikuwa sebuleni. Akachota kwa vidole vitatu, kama anavyochota pati ya kuziba ufa, akajibandika utosini. Kitu kile hakikutaka kusambaa. Akakisukuma mbele, kikabaki kimefanya kilima. Akaongeza kingine ili kusawazisha upande wa pili. Akaloanisha kwa maji akidhani kitalainika, na maji yakateleza juu yake kwa matone, yakamwingia shingoni. Alipomaliza, akajitazama kiooni. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa kama ukuta uliopigwa lipu ya kwanza ukaachwa. Upande mwingine nywele zilikuwa zimeshikana vishungi vishungi, vimeinama kila kimoja na kwao. Kishungi cha nyuma ya sikio, ambacho ndicho hasa alichotaka kukikomesha, kilikuwa kimekakamaa kama kulabu ya kutundikia koti.

Mkewe akabisha. Alitaka taulo. Brashi akasema subiri. Akabisha tena, akasema mboga iko jikoni na hana muda wa kusubiri, na Brashi, kwa kuwa hakukuwa na pa kukimbilia, akafungua.

Mama yule alisimama mlangoni na mkono kwenye kitasa. Alijitahidi. Aliuma midomo, akaangalia dari, akaangalia sakafu. Kisha akamwangalia tena mumewe, na macho yake yakaangukia ile kulabu, na hapo akaangua kicheko ambacho kilimlazimu kukaa kwenye kigoda cha bafuni. Alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ukosi wa gauni, akainua uso, akacheka upya. Brashi alikuwa karibu kukasirika. Lakini akiwa pale kichwa kimemganda, alitambua kwamba tangu kile kikaratasi cha kwanza cha majibu ya damu, hakuwa amesikia kicheko hicho. Mke wake alikuwa ametabasamu, ndiyo. Alikuwa amemtabasamia asubuhi na jioni kama wauguzi wanavyofanya. Kucheka hakucheka. Na yeye mwenyewe hakuwa amejua kwamba amekikosa kicheko hicho hadi kiliporudi.

"Na bado nyuma hujapaona," mkewe akasema alipopata pumzi, na sasa Brashi naye akacheka.

Wakajaribu kuosha kwa maji. Hakikutoka. Wakasugua kwa taulo, mambo yakaharibika zaidi. Wakiwa katika hali hiyo, wageni wakabisha hodi, saa nzima kabla ya wakati, kwa kuwa mkwe alikuwa mtu wa kuogopa kuchelewa. Kofia ya sufu ilikuwa chumbani, ng'ambo ya sebule. Hapakuwa na namna. Binti aliingia moja kwa moja kama watoto waingiavyo kwao, akafika mlango wa bafuni, na mumewe nyuma yake.

Kijana akamwona baba mkwe wake. Akamwamkia kwa adabu, shikamoo baba, na Brashi akaitikia marahaba kwa heshima yote inayowezekana kwa mtu mwenye kichwa cha namna ile. Mtu yeyote aliyemjua kijana yule angedhani ataomba radhi na kwenda kukaa sebuleni. Badala yake alikunja mikono ya shati.

"Samahani, baba," akasema. "Inataka kidogo sana. Nilipaswa kuja kukuonyesha mwenyewe."

Akaomba shampuu, akaomba kiti. Mama na binti wakaondoka, wakaenda jikoni ambako walisikika wakinong'ona na kupaliwa na kicheko. Brashi akakaa kichwa kimeinamia beseni, na mkwe wake akamwosha. Akamwosha mara ya kwanza, mara ya pili, bila haraka, vidole vikiufuata ule ufupi wa nywele hadi kisogoni. Kwa muda mrefu mikono yote iliyokishika kichwa cha Brashi, ukiacha ya mkewe, ilikuwa na glavu. Ilikuwa mikono mizuri, hana la kuilaumu, ila ilimshika kama kitu cha kupimwa. Hii ilikuwa mikono mitupu ya kijana. Brashi akafumba macho.

Mkwe akamkausha kwa taulo, akahakikisha hakuna majimaji, kisha akachukua kikopo. Akakwangua kwa ukucha kipande kadiri ya punje ya njegere, akakiweka kiganjani mwa baba mkwe.

"Sugua mikono, baba. Sugua mpaka usikione."

Brashi akasugua. Kitu kile kigumu kikapata moto, kikayeyuka, kikapotea katika mikunjo ya viganja vyake. Mkwe akamwelekeza aanzie nyuma aje mbele, aingize vidole hadi kwenye ngozi, asipakae juu juu. Brashi alifanya alivyoambiwa, ila kwa uoga sasa, na nyuma ya sikio hakufika. Mkwe akamalizia mwenyewe. Akavinyanyua vile vinywele kwa ncha za vidole, akavivuta hapa, akavibana pale, na kishungi kile kikaidi akakiviringa mara moja tu kikakaa.

"Kwa hiyo mkono wa kwanza uwe mwembamba," Brashi akasema.

"Ndiyo, baba. Ukitaka zaidi, ndiyo unaongeza."

"Na ukuta uwe mkavu."

Kijana akasita. Kisha, pengine kwa sababu mikono yake ilikuwa bado kichwani mwa mzee na hapakuwa tena na cha kuogopa, akajibu, "Hilo la ukuta mkavu, baba, mimi nilishafundishwa. Lile shati bado ninalo."

Brashi akageuka juu ya kiti akamtazama. Ndipo alipoelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba kijana alikuwa amebeba kisa kile miaka yote hii. Akamwambia pole. Akamwambia kwamba siku ile hakuwa na hasira, alichokuwa akikiwaza ni kwamba rangi ya kijani imebaki kidogo kwenye ndoo na huenda isitoshe kurudia. Kijana akasema, "Kumbe," akacheka kwa pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo.

Kiooni palikuwa na mwanamume wa makamo mwenye nywele fupi za kijivu, zimesimama kiasi, hazing'ai, hazijashikana. Hazikuwa nywele za Brashi wa zamani. Zilikuwa laini bado, na juu ya paji la uso ngozi ilionekana kwa mbali. Lakini zilikaa kama nywele za mtu aliyejitengeneza akijua anakwenda mahali. Aligeuza kichwa kushoto, akageuza kulia. Akagusa. Hazikunata. Walipokwenda mezani alikwenda kichwa wazi, na mkewe alimpakulia chakula akamwachia mkono begani kitambo kuliko ilivyohitajika.

Wiki iliyofuata alirudi kazini. Kazi yenyewe ilikuwa ngazi za jengo la ghorofa, kuta chafu zenye alama za mikono na magurudumu ya baiskeli, na Ngazi alikuwa ameshaanza kupiga msasa. Ngazi akamkaribisha kwa ile sauti yake ya wodini. Akamwambia akae chini apumzike, yeye atafanya dari. Akamwambia asibebe ndoo. Akamuuliza kama vumbi linamsumbua. Brashi akavaa kofia ya karatasi, akabeba ndoo, akapaka kingo za madirisha kimya kimya hadi mapumziko, mkono wake ukikumbuka polepole jinsi ya kuvuta mstari bila kuteleza kwenye kioo.

Wakakaa kwenye ngazi kunywa chai. Brashi akavua kofia. Nywele zilikuwa zimelazwa bapa, zimechukua umbo la kofia. Bila kufikiri sana, akaingiza vidole kama alivyofundishwa, akazinyanyua kutoka mizizini, na zikasimama tena bila kuongezwa kitu, kwa maana dawa ile ilikuwa bado imo. Ngazi alikuwa amepeleka kikombe mdomoni. Akakisimamisha hapo hapo.

"Fanya tena," akasema.

Brashi akazilaza, akazinyanyua. Ngazi akaweka kikombe chini, akasogea, akazunguka kisogo, akarudi mbele, akamkagua kama anavyokagua ukuta wa fundi mwingine.

"Mimi nimebeba ndoo peke yangu mwaka mzima," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, kubwa, yenye kwenda hadi ghorofa ya juu, "nimekula chakula cha mchana peke yangu kama mchawi, kumbe wewe Brashi uko nyumbani unarembwa."

Brashi akachukua chai, akanywa, akamwambia Ngazi kwamba kama ana wivu aseme, kikopo kipo, ila kwa kichwa chake yeye kilivyo itabidi wanunue ndoo. Wakatupiana maneno hivyo hadi mama mmoja wa ghorofa ya pili akafungua mlango kuuliza kama mafundi wamekuja kupaka au kupiga soga. Mchana Ngazi alimwachia dari, na dari ile Brashi aliipaka mwenyewe, mikono ikimuuma vizuri.

Siku zikaendelea hivyo. Asubuhi mkewe alisikia mlango wa bafuni, kisha kimya, kisha ule mlio mdogo wa kifuniko kinachofungwa. Brashi hakuchukua muda mrefu ndani. Kofia ya sufu ilifuliwa ikawekwa kabatini. Mkwe akawa anapita jioni bila kuitwa, mara nyingine peke yake. Kwenye vipimo, damu ikaendelea kuwa tulivu.

Na nywele zikaota. Zikaota hata zikawa zinafika kwenye kola, na siku moja mkewe akamwambia amekuwa kama mpiga gitaa aliyestaafu. Kwa hiyo Jumamosi Brashi akaenda kwa kinyozi, chumba chembamba chenye viti viwili na redio juu ya kabati. Kinyozi alikuwa mgeni, hakumjua. Akamfunga shuka shingoni, akapitisha kitana mara moja kuzipima, akasema nywele hizi ni nzuri, laini. Kisha akauliza swali ambalo vinyozi huuliza kutwa nzima.

"Tunafanyaje, mzee?"

Brashi alikaa pale akajiona kiooni, shuka limemfunika hadi kidevuni. Hakuwa na haraka; ni muda mrefu tangu awe na nywele za kuulizwa swali hilo. Kinyozi alingoja, mkasi mkononi, akidhani labda mzee hakusikia.

"Pembeni punguza," Brashi akasema hatimaye. "Juu niachie."

Akaegemea kiti. Redio ilikuwa inatangaza matokeo ya mpira, na mkasi ukaanza kazi karibu na sikio lake.